Kichupa Namba Arobaini na Moja

Mama Saa alikuwa amekula yamini: hata dunia ipinduke, mikono yake haitagusa tena damu ya ukoo wa mumewe. Na yamini ya Mama Saa si ya mchezo. Huyu ni mwanamke ambaye maabara nzima ya hospitali ilimpachika jina hilo kwa ajili ya saa yake ya mkononi. Kila kichupa cha damu kilichopita mezani pake kiliandikwa saa na dakika, na ole wako uchelewe. Wauguzi walipanda ngazi mbio, vichupa mkononi, wakimwogopa yeye kuliko daktari mkuu.

Yamini yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka matangani. Miaka mitatu nyuma mama mkwe wake aliugua, na Mama Saa, kwa kiherehere cha wema, akamtoa damu pale pale kitandani kwake nyumbani, akaikimbiza maabara, akarudi na majibu mabaya. Siku tisa baadaye bibi wa watu akafariki. Basi wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, akasimama katikati ya wafiwa akamnyooshea kidole. "Itazameni mikono hiyo! Ndiyo iliyomnyonya mama yangu damu mpaka akaisha!" Hakuna aliyefungua kinywa kumtetea. Mumewe mwenyewe aliinama akawa anafunga kamba za viatu, na viatu alivyovaa siku hiyo havikuwa na kamba.

Wifi huyo alikuwa fundi wa nguo, tena si fundi wa kuokota vifungo. Alikuwa na chumba chenye cherehani nane za kukanyaga na mafundi saba chini ya amri yake. Walimwita Jenerali, mwenyewe akijua, na akijua vizuri zaidi kwamba anastahili. Tangu matangani, wawili hawa hawakupeana hata salamu. Jenerali akiingia nyumba ya ndugu kwa mlango wa mbele, Mama Saa anaondoka kwa mlango wa uani, na chakula chake anakiacha kwenye sahani.

Sasa majaliwa hayana adabu. Hospitali ikaanzisha utafiti wa watu wenye kisukari cha ukubwani, kile cha aina ya pili, na Jenerali, ambaye alikuwa nacho mwaka wa sita, akajiandikisha. Daktari kijana aliyeuongoza utafiti alipenda kuwaeleza wagonjwa hivi: insulini ni kama mtu anayebisha hodi kwenye seli za mwili ili sukari ipate kuingia, kwenu nyinyi seli zimekuwa viziwi, hodi inapigwa mpaka mkono unauma, mlango haufunguliwi. Alitaka kujua kama askari wa mwilini, yaani chembe nyeupe za damu, ndio wanaofanya fujo mpaka hodi isisikike. Kwa hiyo alizihesabu chembe nyeupe aina kwa aina, akapima na protini moja inayopanda kila mwili unapoingia vitani, akalinganisha na sukari na insulini ya mtu aliyeamka bila kula.

Sharti lilikuwa moja kubwa. Mshiriki asiwe na kidonda wala homa, maana kidonda huwaita askari wote barabarani na hesabu nzima ikavurugika. Aliye safi alipewa dawa bure na kuonana na daktari kila baada ya wiki sita. Atakayekutwa na kidonda anatolewa, anarudi kwenye foleni ya watu wote kule chini, na foleni ile nani asiyeijua?

Jenerali akapewa namba arobaini na moja.

Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa maabara, mkoba kwapani, akazungusha macho mpaka yakamfikia Mama Saa. "Huyu asinishike," alisema kwa sauti ya kusikika ghorofa ya pili. "Nileteeni mtu mwingine. Huyu ana mazoea mabaya na damu za watu."

Mama Saa hakugeuza shingo. Alimwambia mwenzake wa meza ya pili, "Mwambie mama huyo, hata nikilipwa kwa dhahabu simgusi. Kichupa chake ni chako, kuanzia kukijaza mpaka kukitupa."

"Sawa, sawa, msinipigie kelele," akasema mwenzake. Huyu waliyemwita Polepole alikuwa mtu mwema, mkarimu, mcheshi, ila jina lake lilikuwa limemkaa sawasawa. Akamtoa Jenerali damu taratibu, akavipanga vichupa kwenye raki, na kabla hajafanya lolote akaitwa wodini. Akaenda.

Hapa inabidi nieleze jambo, maana hadithi yote imesimama juu yake. Damu ikiwa kichupani haijui kama imetoka mwilini. Chembe zake zinaendelea kuishi, na kinachoishi kinakula, na chakula chake ni sukari. Ndiyo maana damu ya kupimia sukari huwekwa kwenye kichupa cha kifuniko cha kijivu, chenye dawa ya kuzifunga chembe midomo. Mwezi ule vichupa vya kijivu vilikuwa vimekwisha, wakawa wanatumia vyekundu visivyo na dawa. Cha kijivu kinakusubiri. Chekundu hakimsubiri mtu: ndani ya nusu saa kiwe kimeganda na kuzungushwa kwenye mashine, maji ya damu yatengwe na chembe. Ukikiacha kikae kwenye joto, kila saa inayopita sukari inapungua, na mashine itakusomea baki ya karamu.

Kichupa namba arobaini na moja kilikaa kwenye raki tangu saa mbili asubuhi.

Mama Saa alikiona. Acha niseme kweli bila kumpaka mafuta: alikiona saa tatu, akakiona saa nne, akakiona saa tano alipokwenda kunawa mikono. Vichupa vya wengine wote alivizungusha kwa wakati na kuviandika. Hicho akakipita. *Si changu*, alijiambia. *Nilisema sigusi, sigusi.* Polepole alirudi saa saba akipiga mluzi, akakitia kwenye mashine, asiandike saa, na sukari ikasoma sita nukta moja. Yaani sukari ya msichana wa shule.

Daktari alifurahi mno. Mgonjwa wa miaka sita, sukari sita! Akamwondolea sindano ya insulini ya jioni, akamwachia vidonge tu. Naye Jenerali akashuka ngazi akiimba, na alipofika chini ya dirisha la maabara akainua uso. "Waambieni wenye husuda! Sukari yangu ni sita! Watakonda wao!"

Habari ya sindano ilimfikia Mama Saa wiki ile ile, mezani, kutoka kwa mumewe. "Dada anaendelea vizuri, wamemwondolea sindano," alisema mume, akimega tonge. Mama Saa akalirudisha tonge lake kwenye sahani. Alijua. Ni nani mwingine angejua kama si yeye? Lakini angesema nini? Kwamba alikitazama kichupa saa tano nzima akakiacha kwa sababu ya maneno ya matangani? Akanywa maji. Akajiliwaza kwamba kipo kipimo kingine, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kilichopelekwa kupimwa mji mwingine. Kikirudi kitasahihisha mambo chenyewe. Hivyo ndivyo mtu anavyojidanganya akiwa na akili zake timamu.

Wiki sita zikapita. Jenerali akarudi, safari hii amevaa viatu vya kufunika, vipya, na manukato ya kuangusha nzi. Alikuwa anachechemea.

"Mama, mguu vipi?" Polepole akamuuliza.

"Viatu vipya vinabana. Unataka kuninunulia vingine?"

"Fomu inauliza kama una kidonda chochote."

"Andika sina." Akamnyang'anya kalamu. "Hata, niachie, naandika mwenyewe." Akaandika, akatia na saini ndefu yenye mikia. Wakati anatoka akapita karibu na meza ya Mama Saa, akasonya.

Polepole akakitia kichupa cha kwanza kwenye mashine ya kuhesabu chembe, akaweka chekundu kwenye raki, akasema anakimbilia stoo dakika mbili. Dakika mbili za Polepole tunazijua. Mashine ikanguruma, ikatema karatasi, na karatasi ikaanguka upande wa Mama Saa. Hakukusudia kusoma. Lakini mvuvi hapiti samaki bila kuangalia.

Chembe nyeupe elfu kumi na tisa. Za mtu mzima hazizidi elfu kumi na moja. Tena wale askari wa mstari wa mbele, wanaokimbilia usaha, walikuwa kumi na watatu kwa kila askari mmoja wa akiba, wale wa kundi la nyuma. Kwa kawaida ni wawili au watatu. Hiyo haikuwa damu ya viatu vipya. Mahali fulani katika mwili wa mwanamke yule kulikuwa na vita, na vita yenyewe ilikuwa inashindwa.

Kitu cha kwanza kilichompata Mama Saa ni furaha. Ndiyo, furaha, kama sekunde mbili hivi: *umepatikana, mshenzi wewe.* Kisha akaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Akavuta faili la majibu yaliyofika asubuhi kutoka mji mwingine. Namba arobaini na moja, wastani wa miezi mitatu: asilimia kumi na moja nukta nane. Mwenye afya hafiki sita. Ile sukari ya msichana wa shule ilikuwa uongo mtupu, na uongo huo ulipikwa hapa, kwenye raki hii, yeye akiwa amesimama anautazama ukiiva.

Akageuka. Kichupa chekundu kilikuwa kinamsubiri. Na kwa jeshi lote lile lililojaa ndani, lenye njaa, kufikia saa saba kingesema uongo mkubwa kuliko wa kwanza.

"Yamini na iende zake," alisema kwa sauti, peke yake chumbani. Akavaa glavu, akaandika saa tatu na dakika saba, akasubiri damu igande, akakizungusha, akapima. Sukari kumi na nane.

Akatoka mbio. Daktari kijana alikuwa ofisini kwake, mbele ya kompyuta, anachora mistari yake ya rangi. Akazitazama karatasi zile, akamtazama aliyezileta.

"Namba arobaini na moja amejaza hana kidonda. Saini yake hii hapa."

"Basi anadanganya, daktari."

"Una ushahidi, mama, au una wifi?" Kumbe alijua, hospitali nzima ilijua. "Mwezi mmoja umebaki nifunge utafiti, wewe unaniletea ugomvi wa jikoni."

"Nina damu yake," Mama Saa akasema. "Na ile sukari sita ya mwanzo ifute. Kichupa kilikaa saa tano hakijazungushwa. Nilikiona."

Daktari akasimama. Uso ulimbadilika, akaanza kusema chini chini, maneno yakitoka kwenye meno. "Ulikiona ukanyamaza? Na mimi nikamwondolea sindano? Toka. Toka ofisini kwangu. Nitampigia simu Jumatatu, na wewe Jumatatu hiyo hiyo tafuta cha kujieleza."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mguu unaooza haujui Jumatatu. Mama Saa akavua koti jeupe, akalitupa juu ya kiti, akashika njia.

Kwenye chumba cha ushonaji cherehani saba zilikuwa zinatatarika. Ya nane, ya Jenerali, ilikuwa kimya. Alikuwa ameketi nyuma yake anakata kitambaa, mguu wa kulia ameuficha chini ya meza. Alipoinua macho, mkasi ulibaki wazi hewani.

"Lo! Mnyonya damu mlangoni kwangu mchana kweupe."

"Wifi, nataka tuzungumze mimi na wewe. Faragha."

"Faragha na wewe? Mama yangu alikaa faragha na wewe, leo yuko wapi? Sema mbele za watu." Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mafundi saba wakajifanya wanatafuta nyuzi.

"Una kidonda mguuni."

"Sina."

"Damu yako inasema unacho, tena kibaya."

"Damu yangu inasema! Damu yangu ilisema sita, ukaona donge. Sasa umetafuta namna nyingine ya kunitoa kwenye dawa za bure. Wewe roho yako imetengenezwa na nini? Toka kabla sijakutoa kwa fimbo ya kupimia!"

Mama Saa hakutoka. Njia nzima alikuwa amejipangia maneno ya kitaalamu, na yote yakamkimbia. Likabaki lile moja ambalo hakutaka kulisema.

"Ile sita haikuwa sita," alisema. "Kichupa chako kilikaa saa tano kwenye joto, damu ikaila sukari yake yenyewe. Mimi nilikiona. Ningenyoosha mkono tu ningekiokoa, na sikunyoosha, kwa sababu ni chako. Kwa ajili hiyo wakakuondolea sindano. Nimekukosea. Nilikuchukia, nikakukosea."

Jenerali akauweka mkasi mezani. Kisha Jenerali akaachia kicheko, na katika miaka mitatu hakuwahi kuonekana na furaha kama ile. Akapiga meza kwa kiganja.

"Mmesikia? Nyote mmesikia! Amekiri kwa kinywa chake! Matangani nilisema nini? Nilionekana mwendawazimu! Leo nakushtaki. Nakushtaki hospitalini, nakushtaki kwa kaka yangu, nakushtaki kortini!"

"Nishtaki," Mama Saa akamjibu, na sasa hasira yake nayo ilikuwa imepanda mpaka utosini. "Nitakuja kukutolea ushahidi mwenyewe. Lakini utawaambia nini? Mashtaka bila madhara ni porojo. Madhara yako wapi? Vua kiatu, uwaonyeshe mashahidi wako nilichokufanyia!"

"Navua! Unafikiri naogopa? Navua!"

Na kwa ghadhabu ile ile, bila kufikiri mara mbili, Jenerali akauchomoa mguu chini ya meza, akautoa kiatu, akafungua kitambaa alichouzungushia, akauweka juu ya kiti kama wakili anayeweka hati mezani.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Manukato yote yale yakashindwa. Fundi wa karibu na dirisha akaziba pua, mwingine akasema "Yarabi" akatoka nje. Kidole kidogo na jirani yake vilikuwa vimekuwa vyeusi, na chini yake, penye unyayo, palikuwa na shimo linalotoa usaha. Mama Saa akapiga magoti. Ndani ya shimo kitu kiling'aa. Ilikuwa nusu ya sindano ya cherehani.

Jenerali akainama, akatazama. Alijua ana kidonda. Kila asubuhi alikuwa akizungusha kitambaa juu ya kitambaa bila kuangalia. Hilo jeusi hakulijua. Sindano pia hakuijua. Kisukari kilikuwa kimeutia mguu ganzi zamani, akakanyaga sindano ndani ya chumba chake mwenyewe, akaikanyagia na pedali wiki tatu asisikie hata mwasho.

"Hauumi," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Wifi, mbona hauumi?"

"Ndiyo ubaya wake. Nyinyi mnatazama nini? Iteni gari!"

Walimkata vidole viwili jioni hiyo hiyo. Mpasuaji alisema kama wangesubiri mpaka Jumatatu angekata chini ya goti, na huenda asingekuwa na wa kumkata.

Sasa msidhani walikumbatiana. Nani kawaambia? Jenerali alipopata nafuu kitu cha kwanza alichoomba ni karatasi na kalamu, akaandika mashtaka kurasa nne, yenye mikia ile ile kwenye saini. Mama Saa akaitwa mbele ya wakubwa watano, akakiri yote, hakumtaja Polepole hata mara moja. Wakamtoa kwenye utafiti, wakampa barua ya onyo, wakamshusha chini kule kwenye foleni ya watu wote, kazi yake kutoa damu tangu asubuhi hadi jioni. Polepole aliomba radhi akilia, na alichelewa hata katika hilo. Alikuja wiki ya tatu. Nyumbani mume alijaribu kupatanisha. Dada yake akamtumia jibu: "Mwambie mkeo vidole vyangu viwili viko juu yake mpaka siku ya kiama."

Naye Mama Saa aliposikia hivyo alisema, "Ni kweli," akaendelea kukuna nazi.

Mwezi wa tatu baada ya kukatwa vidole, asubuhi, foleni ikiwa imefika getini, Jenerali akaingia na mkongojo. Namba arobaini na moja ilikuwa imefutwa kwenye utafiti. Sasa alikuwa mgonjwa kama wengine. Madirisha ya kutolea damu yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa wazi, muuguzi akamwita, "Mama, njoo hapa." Akampita. La pili nalo likawa wazi, akalipita. Akasimama nyuma ya watu kumi na wawili kwenye dirisha la tatu, mguu mbovu ameuegemeza kwenye mkongojo, dakika arobaini nzima.

Zamu yake ilipofika hakusalimia. Akaketi, akakunja mkono wa gauni, akaunyoosha mkono wake juu ya meza, uso ameugeuzia ukutani. Mama Saa akafunga mpira, akatafuta mshipa, akaingiza sindano. Kichupa kikajaa. Kilikuwa chekundu, vya kijivu vilikuwa vimekwisha tena.

Jenerali akashusha mkono wa gauni, akachukua mkongojo wake, akainuka. Ndipo alipomtazama usoni, macho makavu, yasiyo na msamaha hata wa dawa.

"Andika saa," alisema. "Na usikiache kikae."